Somo: Herufi nne za kuhakiki kabla hujapanda ndege

Ndugu zangu, mwaka jana mama yangu aliachwa chini ya ngazi za ndege, juani, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tulikuwa tumeomba msaada mapema. Kosa lilikuwa kwenye msimbo, yaani zile herufi nne ambazo shirika la ndege huandika kwenye safari yako kuonyesha msaada unaohitaji: aliandikiwa ule wa mtu anayeweza kupanda ngazi.

Hatua ya 1: Jua msimbo wako. Mashirika ya ndege duniani hutumia hii hii. WCHR anapanda ngazi mwenyewe, ila mwendo mrefu hauwezi. WCHS ngazi haziwezi, lakini akishaingia ndani anajifikisha kwenye siti. WCHC hatembei kabisa, hupelekwa mpaka kwenye siti yake. Ukisema "wilichea" tu, ni rahisi kuandikiwa WCHR, na viwanja vyetu vingi vya mikoani abiria hupanda kwa ngazi! Asiyeona ni BLND, kiziwi ni DEAF.

Hatua ya 2: Piga simu saa 48 kabla, au zaidi. Muda huo umo kwenye kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1107/2006, inayotaka pia msaada uwe bure. Usikate simu mpaka usomewe msimbo ulioingizwa.

Hatua ya 3: Kama kiti chako ni cha umeme, taja aina ya betri. Ya lithiamu inayochomolewa isizidi Wh 300 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri), na husafiri nawe ndani. Piga picha kiti kabla ya kukikabidhi, uombe ukipokee mlangoni mwa ndege.

Swali: Mwanangu ana usonji. Kelele humtesa.
Jibu: Pole, mama. Omba DPNA, msimbo wa mwenye ulemavu wa akili au wa ukuaji anayehitaji msaada, ueleze kinachomsumbua. Uliza pia kama uwanja unatambua utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, unaovaliwa shingoni kuonyesha ulemavu usioonekana kwa macho, ulioanzia uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016. Wengi hushauri kuingia wa kwanza. Kwa mtoto asiyevumilia kukaa, mimi naona bora aingie mwishoni.

Swali: Natembea kwa gongo. Naona aibu kuomba kiti.
Jibu: Shikamoo mzee wangu. WCHR iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Omba bila wasiwasi.

Swali: Wakala anasema mfumo wake hauna misimbo hiyo.
Jibu: Mwambie aiingize kama SSR, yaani ombi la huduma maalumu. Akishindwa, lipigie shirika lenyewe ukiwa na namba ya tiketi mkononi.