Kabla ya kupandisha mtambo wa upepo mnarani

Anayenunua mtambo mdogo wa upepo kwa nyumba ya Dunga au Usoma, kando ya ziwa hapa Kisumu, hutazama mabawa kwanza. Nakusihi uanze na kasha lililo nyuma yake. Likishapanda juu, kulifungua ni kazi ngumu na ya hatari.

Katika mitambo mikubwa mingi, kasha hilo hubeba ekseli, giaboksi (gia za kuongeza kasi ya mzunguko), jenereta na breki. Mdogo wa nyumbani kwa kawaida hauna giaboksi: mabawa huzungusha moja kwa moja jenereta ya sumaku, na uzito wote hukaa juu ya beringi, yaani vyuma vya duara ambamo ekseli huzungukia. Basi uzungushe kwa mkono ukiwa bado chini. Ukisikia mkwaruzo, urudishe dukani. Kisha gusanisha nyaya tatu za jenereta, uzungushe tena polepole. Ekseli sharti iwe nzito papo hapo. Ikiendelea kuwa nyepesi, jenereta au waya una kasoro. Kwa mitambo mingi ya aina hii, kugusanisha nyaya hivyo ndiyo breki utakayotegemea, kwa hiyo usikubali kuambiwa utaijaribu baadaye.

Kagua raba za kuziba maji kwenye viungo vya kasha. Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama wingu hupenya popote penye upenyo, na mvua ya masika hufuata njia hiyo hiyo.

Kidhibiti cha chaji, kifaa kinachosimamia umeme uingiao kwenye betri, kiwe kimeunganishwa kabla mabawa hayajaanza kuzunguka, pamoja na rezista za kumeza umeme wa ziada betri zikijaa. Mtambo usio na mzigo, yaani usio na kitu cha kupokea umeme wake, hukimbia kupita kiasi kwenye upepo mkali na unaweza kuvunjika. Volti za mtambo, kidhibiti na betri zilingane.

Radi za upande huu hazina mchezo: mnara na nyaya zake za kuushikilia ziunganishwe na fito za shaba ardhini.

Kuhusu urefu, ncha ya chini ya mabawa ipite miti na paa zilizo ndani ya mita 150 kwa angalau mita 9. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu iliyomo huwa mara 8, kwa hiyo mnara mfupi ni hasara ya kila siku.

Chagua mnara wenye bawaba kwenye msingi, unaoweza kulazwa kwa ukarabati. Siku ya kuusimamisha mwite fundi asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujashika kasi alasiri.