Kulinganisha ampu ya gari na omu za spika bila kuunguza kitu

Ampu (kikuza sauti) haijali umefunga spika ngapi wala za inchi ngapi. Inachokutana nacho ni jumla ya omu, yaani ukinzani, kwenye skrubu zake za kutolea sauti. Volti 20 kwenye omu 4 zinasukuma ampea 5, yaani wati 100. Volti hizohizo kwenye omu 2 ni ampea 10 na wati 200; kwenye omu 1 ni ampea 20 na wati 400. Hapo ndipo tamaa ya kushusha omu inapoanzia. Lakini mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalopotea kwenye waya na mosfeti (transista za nguvu ndani ya ampu) huongezeka mara nne.

Hatua ya 1: Soma ampu. Kwenye kijitabu au kibandiko chake tafuta wati za RMS (nguvu inazotoa mfululizo) na omu za chini kabisa inazoruhusu. Namba kubwa iliyoandikwa MAX iache, ni ya kuuzia. Angalia pia omu za chini ikibrijiwa (chaneli mbili zikiunganishwa kuendesha mzigo mmoja), kwa sababu kwenye briji kila chaneli inabeba nusu ya omu za mzigo. Ampu ya chaneli mbili inayostahimili omu 2 kwa kila chaneli, ikibrijiwa mwisho wake ni omu 4. Ukiweka sabufa (spika ya besi) ya omu 2 hapo, kila chaneli inaona omu 1, na kosa hili huua ampu nyingi.

Hatua ya 2: Pima spika. Ondoa waya zote kwenye spika, weka mita ya umeme kwenye omu. Gusanisha kwanza ncha za mita: zikionyesha 0.3, toa 0.3 kwenye kila kipimo. Spika ya omu 4 kwa kawaida husoma kati ya 3.2 na 3.8, ya omu 2 kati ya 1.6 na 1.9. Kipimo kuwa chini ya kilichoandikwa si ubovu: mita hupima ukinzani wa koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) tu kwa mkondo wa moja kwa moja, na muziki ni mkondo geu. Ikisoma karibu na sifuri, koili imepiga shoti. Isiposoma kabisa, imekatika.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kushika waya. Kwa mfululizo (hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine) unajumlisha: 4 + 4 = 8. Kwa sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja), zikiwa sawa, unagawa kwa idadi: 4 ÷ 2 = 2. Sabufa za koili mbili ndizo zinazochanganya watu, kwa hiyo hizi hapa:

- Sabufa moja ya 4+4 (koili mbili za omu 4 kila moja): sambamba omu 2, mfululizo omu 8.
- Sabufa moja ya 2+2: sambamba omu 1, mfululizo omu 4.
- Sabufa mbili za 4+4: koili zote sambamba omu 1, kila sabufa kwa mfululizo, kisha zote mbili sambamba, omu 4.
- Sabufa mbili za 2+2: kila moja kwa mfululizo, kisha sambamba, omu 2. Koili zote sambamba ni omu 0.5, usijaribu.

Omu 2 kamili kutoka kwa sabufa mbili za 4+4 hazipatikani kwa kugawa mzigo sawasawa, hata uzungushe waya vipi. Ni bora kuchagua sabufa baada ya kujua ampu. Wala usichanganye sabufa ya 4+4 na ya 2+2 kwenye ampu moja. Nguvu haigawanyiki sawa, na moja itaumia mapema.

Hatua ya 4: Funga, kisha pima tena. Kwa mfululizo: chanya ya ampu kwenye chanya ya koili ya kwanza, hasi yake kwenye chanya ya koili ya pili, hasi ya pili irudi kwenye hasi ya ampu. Ukigeuza koili moja ya sabufa, zinavutana kinyume: koni haitikisiki lakini koili zinachemka. Kabla ya kuunganisha ampu, pima ncha mbili zitakazoingia humo. Ulitarajia omu 2 na mita inasoma 0.9? Umekosea mahali. Pima pia kila ncha dhidi ya bodi ya gari. Mita isisome chochote. Hasi ya spika haifungwi kwenye bodi kamwe.

Hatua ya 5: Umeme. Ampu ya daraja D (class D) ya wati 500, yenye ufanisi wa asilimia 80, kwenye volti 13.8 huvuta takriban ampea 45. Tumia shaba halisi ya mm² 21 hivi, na fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo isizidi uwezo wa waya huo. Erthi, yaani waya wa hasi wa ampu, ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Hatua ya 6: Weka geini (kirekebishi cha ukuzaji kwenye ampu). Kwanza pata volti za kulenga: zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 300 kwenye omu 2: √600, yaani volti 24.5. Chukua wati za RMS zilizo ndogo kati ya ampu na spika. Toa waya za spika, zima besi busti, sawazisha ikwalaiza, redio iwe robo tatu ya sauti, cheza toni ya hezi 50 yenye dB 0. Mita ikiwa kwenye volti za AC, ncha zote mbili kwenye skrubu za ampu, pandisha geini polepole hadi 24.5 ukome. Kuzidisha hapo hukata vilele vya mawimbi, na koili hupata joto kuliko nguvu iliyokadiriwa.

Rudisha spika, cheza dakika 15, gusa ampu. Vuguvugu ni sawa. Ikikushinda kuishika, rudia hatua ya 4. Taa ya PROTECT (ampu inajilinda) ikiwaka, zima, toa waya za spika, washa tena. Ikizimika, kosa liko kwenye spika au waya zake. Ikiendelea kuwaka, toa na waya za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio). Bado inawaka, angalia umeme na erthi, na vikiwa sawa ampu yenyewe ifunguliwe.