Kabla Hujafungua Boliti ya Kwanza: Kuhudumia Pikipiki kwa Kitabu cha Fundi

Pikipiki ina vitabu viwili, na watu wengi huvichanganya. Kile chembamba unachopewa dukani ni cha mwenye chombo: kinaeleza upepo wa matairi, ulegevu wa cheni na kilomita za kubadilisha oili. Kile kinene ni cha gereji. Kimeandikwa kwa fundi aliyekwisha kusomea kazi, kwa hiyo hakibembelezi mtu. Kitakuambia uondoe kifuniko cha kushoto cha injini bila kukutajia kwamba kuna gasketi itakayochanika na oili itakayomwagika. (Kushoto ni kushoto kwako ukiwa umekaa kwenye siti.) Maandalizi mengi ninayoyataja hapa ni ya kuziba mapengo ambayo kitabu kinadhani umeshayaziba.

Kwanza hakikisha kitabu ni cha pikipiki yako. Jina la Boxer peke yake halitoshi. BM100 na BM150 zina injini tofauti. Soma namba ya chesi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na ile ya injini, uzilinganishe na za sura ya mwanzo. Kama ni faili la kwenye simu, chapisha kurasa za kazi ya siku hiyo. Mikono yenye oili na kioo cha simu havipatani.

Kisha soma kazi nzima hadi mwisho kabla hujashika spana, na hapo ndipo penye utamu, maana thamani ya kitabu iko kwenye namba zake. Chukua oili. Mara nyingi utakuta vipimo zaidi ya kimoja: cha kumwaga na kujaza tu, cha kumwaga na kubadilisha filta, na cha injini iliyofunguliwa yote. Ukijaza kile cha tatu kwa kazi ya kwanza umezidisha, kwa sababu ukimwaga, oili nyingine hubaki ndani. Jedwali la uchakavu nalo lina safu mbili, kipimo cha kawaida na kikomo. Kifaa kilichopita cha kawaida lakini hakijafika kikomo bado kinafanya kazi. Usikimbilie duka la spea.

Namba za kukaza ndizo zinazoharibu injini za watu. Kitabu huandika nyutoni-mita, na pengine kilo-mita pembeni, ambapo 1 ya kilo-mita ni kama 9.8 za nyutoni-mita. Spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) uliyonunua mjini huenda ina kipimo cha Kiingereza cha futi na ratili. Ukiiweka 25 ya kipimo hicho ilhali kitabu kinataka nyutoni-mita 25, umekaza kama 34. Boliti ya kumwagia oili ni chuma, bodi la injini ni aluminiamu. Nyuzi zitakazoliwa ni za bodi. Na kipimo cha kitabu ni cha nyuzi safi na kavu, isipokuwa kitabu kiseme upake oili. Nunua washa mpya ya boliti hiyo mapema. Bei yake ni ndogo mno kuwa kisingizio cha kurudishia ya zamani.

Kwenye vifaa, wengi hudharau bisibisi. Skrubu za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani hufuata kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya kawaida ya msalaba huteleza na kuzila vichwa. Tafuta yenyewe. Kama utapima valvu, uwe na fila geji, ile pakiti ya vibati vyembamba, na uiache injini ipoe kabisa, kwa kuwa uwazi unaopimwa ni wa sehemu za mia za milimita na joto hubadilisha kila kitu.

Oili iwe na alama ya JASO MA au MA2, viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. Pikipiki nyingi za gia klachi yake huogelea kwenye oili ya injini, na oili ya gari iliyotengenezwa kupunguza msuguano inaweza kuifanya iteleze. Mafuta ya breki ni yale ya daraja la DOT lililoandikwa kwenye kifuniko cha kichupa cha breki cha pikipiki yenyewe.

Michoro ya waya isome pamoja na ufunguo wa alama zake, kila kampuni ina lugha yake. Waya wa ethi wa Honda ni kijani, wa Yamaha ni mweusi. Herufi "Bl" kwa Honda ni nyeusi, kwa Suzuki ni bluu! Anayehama chapa moja kwenda nyingine kwa mazoea huunganisha kisichounganishwa.

Sura ikianza na orodha ya vifaa maalumu vyenye namba za kiwandani, mpelekee fundi mwenye navyo. Anza na oili, cheni, plagi na filta ya hewa. Na usianze Jumapili jioni kwa pikipiki inayotakiwa barabarani alfajiri. Anza Jumamosi asubuhi, maduka ya spea yakiwa wazi.