Caravan tatu zikitua pamoja: namna ya kuendesha zamu ya rampu kwenye uwanja mdogo

Msimu wa watalii, hasa Juni hadi Oktoba na tena wiki za Krismasi, kazi ya rampu, yaani maegesho ya ndege, kwenye uwanja wa Arusha pale Kisongo huja kwa mikupuo. Maegesho yanaweza kukaa matupu saa nzima, kisha ndani ya robo saa Cessna Caravan tatu, ndege ndogo za propela moja, zinatua, na kila moja inataka kuondoka tena kabla nusu saa haijaisha. Mwongozo huu ni wa wanaoanza kazi hiyo: kupokea ndege, kupakua, kupima, kusimamia mafuta, kupakia na kuiaga.

Mambo matatu hayaharakishwi hata rubani akikuhimiza: propela, uzito na mafuta. Dakika utaziokoa kwingine, na nyingi huokolewa kabla ndege ya kwanza haijatua.

Kabla ya mkupuo

Piteni maegesho yote kwa miguu mkiwa na ndoo. Okoteni kokoto, vizibo vya chupa, kufuli za mabegi, vipande vya zipu, mifuko. Propela ya Caravan iko karibu na ardhi na huvuta kokoto juu; panga lake likipata kijipengo, hapo ndipo ufa unapoanzia. Mtu aliyeinama kuokota kizibo anamwepushia fundi siku nzima ya kazi.

Kila nafasi ya kuegesha iwe na seti yake: kabari mbili zilizofungwa kamba, nguzo ya kushikilia mkia, koni na kizima moto cha unga. Msizungushe seti moja kati ya ndege tatu. Ndege huachwa bila kabari kwa sababu mtu amekwenda kuifuata kwenye nafasi ya jirani na akaitwa njiani.

Vaa rifleka iliyofungwa zipu na viziba masikio. Vua kofia. Kitambulisho chenye kamba kiingie ndani ya shati.

Ndege inapoingia

Anayeongoza kwa ishara ni mmoja tu, na asimame mahali rubani anapomwona. Usipomwona rubani, naye hakuoni. Mikono ikishapishanishwa juu ya kichwa ndege inasimama, na hapo wote mnasubiri. Injini ya PT6 ya Caravan haikuunga propela moja kwa moja na sehemu inayozalisha gesi, kwa hiyo mapanga huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya mafuta kukatwa. Yakizunguka kasi hayaonekani kabisa. Subiri mpaka uweze kuyahesabu yakiwa yametulia, ndipo kabari ziwekwe, moja mbele ya gurudumu na nyingine nyuma. Ukifanya kazi upande wa kulia wa pua, jihadhari na bomba la moshi. Linabaki la moto muda mrefu.

Kabla ya kufungua mlango wa mizigo, weka nguzo ya mkia. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi mambo yakichachamaa. Caravan hukaa kwa magurudumu matatu, na milango ya abiria na mizigo iko nyuma ya magurudumu makuu. Abiria wanne wakisimama pamoja karibu na mlango wakisubiri kushuka, huku mabegi ya nyuma bado yamo, pua inaweza kunyanyuka na mkia ukagonga chini. Kwa sababu hiyo hiyo, unapopakua anza na mizigo ya nyuma, na unapopakia anza na ya mbele.

Abiria wanashukia kulia na mlango mkubwa wa mizigo uko kushoto, kwa hiyo makundi hayo hayagongani. Hatari yenyewe ni ndege ya jirani ambayo injini yake inawaka. Abiria waende mstari mmoja, mhudumu mmoja mbele na mmoja nyuma, wakipita nyuma ya bawa. Mtoto ashikwe mkono. Kofia ya mgeni ikipeperushwa na upepo, iacheni iende, kwa maana mwenyewe ataikimbilia bila kutazama mbele.

Uzito

Kampuni nyingi za safari huruhusu kilo 15 kwa abiria, begi laini, na kilo hizo zinahesabiwa pamoja na mkoba wa kamera. Mgeni huona ni ukali wa bure. Mweleze kwa hesabu: abiria 12 wakizidisha kilo 3 kila mmoja, zimeongezeka kilo 36, sawa na lita 45 hivi za mafuta ya ndege ya Jet A-1. Mafuta hayo huipeleka Caravan angani zaidi ya dakika 10. Ndege ikiwa imefika kikomo cha uzito, rubani atalazimika kuacha mafuta au kuacha mabegi.

Arusha kuna sababu nyingine. Uwanja uko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 hewa huwa nyepesi, na ndege hupanda kana kwamba imeondokea mahali palipo juu ya mita 2,000. Kilo ambazo hazikusumbua saa moja asubuhi zinaweza kukataliwa saa nane mchana.

Pimeni kila kitu, na abiria pia wapande mzani, kwa staha, bila kutangaza namba kwa sauti. Andika uzito uliosomwa, usiandike "15" kwa mazoea. Hesabuni mabegi mara tatu: kwenye mzani, kwenye mkokoteni, kwenye ndege. Yakiwa 23, kisha 23, kisha 22, ndege haiondoki. Begi lililopelekwa Kogatende badala ya Seronera, vyote viwanja vya Serengeti, halirudi kwa simu. Kila kituo kiwe na lebo ya rangi yake, na mizigo ya kituo cha kwanza iwekwe mahali itakapofikiwa kwanza.

Kasha la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege lina vyumba kadhaa, na kila kimoja kina kikomo kilichoandikwa. Kujaza cha nyuma kwa sababu kiko wazi ni kosa. Uliza kila abiria kuhusu pawabenki na betri za akiba, maana hizo huingia naye ndani. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya kasha hilo, hakuna anayeweza kuifikia angani.

Mafuta

Caravan hutumia Jet A-1, jamaa wa mafuta ya taa, meupe au ya manjano hafifu. Cessna 206 iliyoegeshwa pembeni yake hutumia Avgas 100LL, petroli ya ndege, ya buluu. Ukitia Jet A-1 kwenye 206, injini itawaka kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, ndege itakwenda hadi njia ya kurukia, itaruka, kisha itazima ikiwa inapanda. Mdomo wa mpira wa Jet ni bapa na mpana ili usiingie kwenye tangi la petroli. Ukikataa kuingia usitafute mdomo mwingine. Simama, soma lebo ya tangi, muulize rubani.

Utaratibu wenyewe:

1. Thibitisha na rubani aina ya mafuta na lita kwa kila bawa. Tofauti kati ya mabawa isizidi kilo 90, yaani lita 110 hivi.
2. Toa sampuli. Iwe angavu, bila ukungu wala chembe, na kidonge cha kupimia maji kisibadilike rangi. Tazama tarehe ya kidonge.
3. Unganisha waya wa kutoa umeme tuli kabla ya kufungua kifuniko, na uuondoe baada ya kukifunga.
4. Hakikisha vifuniko vimekaza. Ngazi ishuke kabla ya mtu mwingine kukaribia.

Usijaze mafuta abiria wakiwa ndani ili kuokoa dakika tano.

Zikiwa tatu kwa pamoja

Ndege ya kuhudumiwa kwanza si ile ambayo rubani wake anapaza sauti. Viwanja vingi vya porini havina taa, kwa hiyo mchana itangulieni inayokwenda mbali zaidi, kwani lazima itue kabla ya jua kuzama. Inayofuata ni yenye abiria wanaowahi ndege ya kimataifa Kilimanjaro. Gaweni watu kwa kazi: mmoja wa mzani, wawili wa mabegi, mmoja wa mafuta na ishara. Kila mtu akikimbilia kila ndege, nguzo ya mkia husahaulika, mara nyingine ndege ikiwa tayari kuwasha.

Kabla ya kumpa rubani ishara ya kuwasha, zunguka ndege mara moja: nguzo imetoka, milango imefungwa, vifuniko vya mafuta vimekaa, kabari ziko mkononi mwako, mbele ya propela hakuna mtu.

Jioni

Ukiisukuma ndege kwenye maegesho ya usiku, kwanza fungua kufuli ya usukani wa mkia, na usipite alama nyekundu ya kikomo cha kukunja gurudumu la pua. Usisukume kwa kushika propela wala mbawa ndogo zinazochezacheza. Mwombe rubani aangalie swichi za matangi, kwani pakiwa na mteremko mafuta huhamia bawa la chini usiku kucha.

Kisha funika matundu ya injini na mrija wa kupimia kasi. Uache kwanza upoe, lakini usiuache wazi hadi asubuhi: nyigu hujenga haraka, na mrija ulioziba humpa rubani kasi ya uongo. Funga propela kwa mkanda wake ili upepo usiizungushe. Andika idadi ya vifuniko vyenye utepe mwekundu kwenye ubao wa zamu, ili wa asubuhi wavitoe vyote kwa hesabu hiyo hiyo.