Kununua upanga wa kale wa Kijapani na kuutoa Japani: hati, kibali na forodha

Mnunuzi huvutwa kwanza na mapambo: kikinga-mkono chenye korongo wa dhahabu, ala nyeusi inayong'aa, mpini uliofungwa kwa hariri juu ya ngozi ya samaki taa. Sheria ya Japani haishughuliki na hayo. Inachosajili ni ubapa peke yake, na kibali pamoja na ukaguzi wa forodha hufuata ubapa huo. Mapambo, ambayo kwa pamoja huitwa koshirae, yanaweza kubadilishwa leo na kesho bila ofisi yoyote kuarifiwa. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kuhakikisha karatasi zinalingana na ubapa, na kujikagulia mapambo mwenyewe, kwa sababu serikali haitakukagulia.

Hati ya usajili: isome kabla ya kulipa

Upanga wowote wenye ubapa wa sentimita 15 au zaidi lazima uwe na hati ya usajili, torokusho. Ni karatasi ndogo inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa, si na polisi, kwa sababu upanga husajiliwa kama kazi ya sanaa. Mmiliki hapewi leseni. Hati ni ya upanga, na mgeni pia anaweza kuumiliki mradi hati ipo. Muuzaji akikuambia hati itafuata baadaye, usilipe.

Hati hutaja aina ya upanga, urefu, kina cha mpindo, idadi ya matundu ya msuka (nakago), yaani sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, na saini ya mfua chuma, mbele na nyuma. Kama hakuna saini, utakuta neno mumei. Juu yake kuna mkoa, namba na tarehe. Omba picha ya hati na picha za msuka ukiwa umevuliwa mpini, pande zote mbili, kisha linganisha kimoja baada ya kingine.

Urefu ndio unaoleta mzozo. Hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi pengo dogo lililo mgongoni pale ubapa unapoanzia, msuka hauhesabiwi. Anayepima kwa kufuata mpindo hupata ziada na kudhani hati si yake. Hati za zamani hutumia vipimo vya Kijapani: shaku 1 ni sentimita 30.3, shaku ina sun 10, na sun ina bu 10. Hivyo shaku 2, sun 3 na bu 5 ni kama sentimita 71.2. Milimita moja au mbili ni mkono wa mpimaji. Ikiwa tofauti ni ya sentimita nzima, au hati inataja tundu moja na msuka una matatu, simama hapo hapo. Huenda hati ni ya upanga mwingine, na anayepaswa kulitatua ni muuzaji pamoja na bodi iliyoitoa.

Tarehe huandikwa kwa enzi za wafalme wakuu. Kwa Showa ongeza 1925, kwa Heisei ongeza 1988, kwa Reiwa ongeza 2018. Showa 26, yaani 1951, ndio mwaka usajili huu ulipoanza, na wakusanyaji huzipenda hati za mwaka huo kwa sababu familia kubwa za zamani zilisajili panga zao mapema. Ni dalili nzuri, lakini isikufanye uongeze bei.

Upanga uliokutwa darini bila hati hupelekwa kwanza kituo cha polisi cha eneo ulipokutwa, halafu kwenye siku ya ukaguzi ya bodi ya elimu, kwa ada ya yeni 6,300. Kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Panga za kijeshi zilizotengenezwa viwandani wakati wa vita, bila ufuaji wa jadi, hazisajiliwi kabisa, hata kama mpini wake ni mzuri.

Karatasi za wataalamu ni jambo jingine

Torokusho haisemi kama saini ni ya kweli. Inaeleza tu kilichoandikwa msukani, na saini za kughushi zimekuwepo tangu zamani. Kwa hilo kuna vyeti vya NBTHK, chama cha kuhifadhi sanaa ya panga kilichoanzishwa 1948, chenye jumba lake la makumbusho Ryogoku, Tokyo. Ngazi zake kwenda juu ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Vyeti vya zamani vya Kicho, vilivyotolewa kabla ya mfumo wa 1982, havina uzito huo sokoni. Vichukue kama maoni, na kama bei ni kubwa, sharti liwe cheti kipya.

Wengi huchanganya hapa. Juyo ya NBTHK ni daraja la chama, na upanga wenye cheti hicho unaweza kutoka nchini. Usioweza kutoka ni ule ulioteuliwa na serikali: Hazina ya Taifa, Mali Muhimu ya Utamaduni (Juyo Bunkazai), na kundi la zamani la Kazi Muhimu za Sanaa (Juyo Bijutsuhin). Majina yanafanana, kwa hiyo soma ni nani aliyetoa karatasi.

Mapambo

Koshirae nzima ina kikinga-mkono (tsuba), pete ya shingo ya mpini na kofia ya mwisho wake (fuchi na kashira), vinyago viwili vidogo chini ya ufungaji wa mpini (menuki), vibati vinavyokiegemea kikinga-mkono (seppa), ala, na wakati mwingine kisu kidogo chenye mpini uliopambwa (kozuka) kinachokaa ubavuni mwa ala. Kola ya shaba inayoushika ubapa ndani ya ala, habaki, hutengenezwa kwa ajili ya ubapa mmoja tu. Ikicheza, ujue haikuzaliwa na ubapa huo.

Amri ya 1876 ilipokataza watu kubeba panga, mapambo mengi yalitenganishwa na kuuzwa vipande vipande. Ndiyo maana utakuta koshirae iliyokusanywa jana kwa vipande vya kweli vya enzi ya Edo (1603–1868). Si kosa, ila bei yake haiwezi kuwa sawa na ya seti iliyotengenezwa pamoja. Angalia kama fuchi na kashira zina mada moja na menuki, kama rangi za metali zinapatana, na kama tundu la tsuba linaushika msuka bila kuzungushiwa vipande vingi vya shaba. Hariri mpya kwenye mpini ni kawaida, kwani ufungaji huchakaa.

Metali nyeusi yenye kivuli cha zambarau ni shakudo, shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo. Rangi yake hutokana na kemikali inayobadilisha ngozi ya juu. Usiisugue kwa dawa ya kung'arisha vyombo. Rangi ikitoka umeharibu kazi ya fundi, na thamani imeondoka nayo. Shibuichi ya kijivu, mchanganyiko wa shaba na fedha, ni hivyo hivyo. Tsuba ya kuiga hutolewa kwenye kalibu: tazama ukingo wa matundu kwa lenzi, utaona mabonde laini na vitundu vya hewa badala ya alama za patasi. Mapambo hupata cheti chake cha NBTHK mbali na cha ubapa, kwa hiyo cheti kimoja hakithibitishi vyote viwili.

Uliza kwa maandishi kama kuna pembe ya ndovu, hasa kwenye visu vifupi vya tanto. Ikiwepo, biashara inaingia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na nchi nyingine zinakataa kabisa. Ni busara kuacha kipande hicho, au kuacha upanga.

Kwenye ubapa wenyewe, kasoro ya kuogopa kuliko zote ni hagire, ufa mwembamba unaokata makali kwa upana. Hautengenezeki. Omba picha za makali yote zilizopigwa kwa mwanga wa pembeni.

Taarifa ya mmiliki mpya

Anayeupokea upanga ndani ya Japani, kwa mfano mwanafunzi au mfanyakazi anayeishi huko, hupeleka taarifa ya kubadilisha mmiliki ndani ya siku 20. Hupelekwa kwa bodi ya elimu ya mkoa uliotoa hati, si mkoa anaoishi mnunuzi. Upanga wenye hati ya Osaka ulionunuliwa Tokyo huripotiwa Osaka. Posta inatosha. Anayeagiza kutoka nje huachia muuzaji kazi hii, lakini aandike kwenye ankara ni nani anayeifanya.

Kibali cha kutoka

Maombi hupelekwa kwa Wakala wa Utamaduni, Bunka-cho. Makao yake makuu yalihamia Kyoto 2023, kwa hiyo miongozo ya zamani yenye anwani ya Tokyo ithibitishe kwanza. Kinachoombwa ni cheti cha ukaguzi kinachosema kwamba upanga si mali iliyoteuliwa na serikali. Fomu hujazwa kwa Kijapani, huambatana na picha za upanga na msuka, pamoja na hati ya usajili. Kama koshirae inasafiri pamoja na ubapa, itajwe kwenye fomu na kwenye ankara, ili afisa wa forodha asikute kitu ambacho karatasi hazikisemi. Tenga mwezi mmoja.

Maombi hurudi kwa sababu ndogo ndogo: picha ya msuka ambayo saini haisomeki, urefu usiolingana na hati, au upande mmoja wa msuka kusahaulika. Upanga ukiondoka, hati ya usajili hurudishwa serikalini. Usiidai kama kumbukumbu. Baki na picha yake.

Kufunga na kutuma

Kama kuna ala ya mti mtupu (shirasaya), ubapa usafiri humo, na koshirae ibaki na ubapa wake wa mbao ndani. Ubapa upakwe mafuta membamba. Ya jadi ni ya karafuu, choji, na msomaji wa Pemba atayatambua kwa harufu. Kijiti cha mwanzi kinachofunga mpini kiwe mahali pake, na mpini ufungwe kwa ala ili usichomoke njiani. Kampuni nyingi za vifurushi hukataa panga, kwa hiyo pata jibu la kampuni kabla ya kulipa. Kifurushi cha posta chenye thamani inayozidi yeni 200,000 huhitaji tamko rasmi la forodha. Anayebeba mwenyewe huuweka kwenye mzigo wa chini ya ndege, huonyesha kibali kwa forodha, na huuliza shirika la ndege kuhusu kila uwanja atakaopitia.

Ankara iseme umri. Kitu cha kale kilichopita miaka 100 huingia kwenye kifungu 9706 cha orodha ya ushuru, na tangu 2022 kifungu hicho hutenganisha vilivyopita miaka 250. Upanga mpya zaidi huingia 9307, kifungu cha panga na visu vya vita. Uingereza, vya kale hulipiwa kodi ya thamani ya asilimia 5 badala ya 20, na katazo la panga zilizopinda zenye ubapa wa sentimita 50 au zaidi haligusi zilizopita miaka 100. Kwa Kenya, Tanzania na nchi za Ghuba, pata jibu la forodha na la polisi kwa maandishi kabla ya kutuma pesa.

Upanga ukirudishwa Japani siku moja kwa mng'arishaji, usajili wa zamani haufufuki. Utatangazwa forodhani, polisi watahusishwa, kisha utakaguliwa na kusajiliwa upya, na utakapotoka utahitaji kibali kingine. Mng'arishaji mwenye foleni ya miezi mingi aarifiwe mapema kwamba karatasi hizo zitakula muda wake pia.