Kabla ya Kuvuka Kwenda Changuu: Mambo ya Kuzingatia kwa Msafiri wa Mombasa

Mkaazi wa Mombasa anayepanga kuzuru Changuu, kisiwa kidogo kilicho mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja, aanze maandalizi yake kwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano kabla hajafikiria tiketi wala mahali pa kulala. Tanzania huidai kadi hiyo kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya ni mojawapo. Kwa hiyo anayepitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro kwa basi na anayepanda ndege uwanja wa Moi, Mombasa, wote wawili wajiandae kuulizwa. (Kinachochekesha kidogo ni kwamba Changuu penyewe palifanywa karantini kwa ajili ya homa hiyo hiyo, na anayekwenda kupatazama leo angali anaulizwa habari zake.)

Chanjo haianzi kutambulika siku ile unapochomwa sindano, bali baada ya siku 10, hivyo aliyechanjwa Ijumaa hii akasafiri Ijumaa ijayo atakuwa na kadi mkononi ambayo kisheria haijaanza kufanya kazi. Ichomwe katika kituo kilichoidhinishwa, kama ofisi ya afya ya bandari, na kabla hujaondoka dirishani soma kadi yako taratibu: muhuri uwepo, tarehe isomeke, na jina lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi, kwa maana Mwanajuma na Mwana Juma, ambao kwetu ni mtu mmoja, kwa afisa wa uhamiaji wanaweza kuwa watu wawili. Mwenye kadi ya zamani asikimbilie kuchanjwa tena, kwani tangu Julai 2016 dozi moja hutambulika maisha yote. Wajawazito, wenye watoto wachanga, waliovuka miaka 60 na wenye mzio mkali wa mayai wazungumze kwanza na daktari; chanjo hii hutengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na haimfai kila mtu. Beba pasipoti pia, maana kitambulisho cha taifa kinachomtosha Mkenya kuingia Uganda hakimtoshi Tanzania.

Jambo la pili ni kujua unakwenda kuona nini. Wengi hukiita kisiwa cha jela, nao hurudi na picha za kushika nondo kama wafungwa, ilhali jengo hilo halikupata kufunga mfungwa. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1860 watumwa waliohesabiwa kuwa wakaidi walizuiliwa kisiwani, na ni kweli kwamba Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa mwaka 1893 kwa nia ya kujenga jela. Lakini jengo lilipokamilika, hofu ya maradhi yaliyokuja na meli ilikuwa kubwa kuliko haja ya jela, likageuzwa pahala pa kuwaweka wagonjwa na walioshukiwa kuugua. Mwaka 1923 kisiwa kilitangazwa rasmi kuwa kituo cha karantini kwa maeneo ya Waingereza ya Afrika Mashariki, na abiria waliozuiliwa walikaa wiki moja hadi mbili kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Muda huo haukuwa wa kubahatisha: homa ya manjano kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 6 baada ya mtu kuumwa na mbu mwenye virusi, basi aliyepitisha wiki akiwa mzima aliweza kuaminiwa. Kwa maoni yangu, asiyelijua hili kabla hajashuka chomboni ataona kuta tu. Mwombe anayekutembeza akueleze habari za karantini kwanza, halafu za jela.

Bahari nayo ina masharti yake. Mashua huondoka ufuoni mwa Mji Mkongwe, na safari ni ya nusu saa hivi bahari ikiwa shwari. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huweza kumchosha mzee au mtoto, na masika huleta mvua. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, ndiyo nafuu zaidi. Tazama mwezi pia. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa ile ile ambayo wageni wengi huvuka, na huenda mashua ikasimama mbali ukalazimika kutembea majini viatu vikiwa mkononi. Heri uvae makubadhi ya plastiki yanayofungika nyuma, kwa sababu ya matumbawe na miiba ya baharini, na simu na pasipoti uzitie katika mfuko usioingia maji. Hakikisha kila mmoja amepewa jaketi la kujiokolea kabla ya injini kuwashwa.

Kobe wakubwa, ambao wa mwanzo walikuwa wanne walioletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, hawahitaji maandalizi makubwa: walishe majani unayopewa hapo, usiwapande, na namba zilizopakwa rangi magambani mwao ni miaka yao.

Ukisafiri Ramadhani, usitegemee kula hadharani mchana. Mjini vaeni mavazi ya staha, kama mtakavyovaa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Fedha ziwe shilingi za Tanzania, na bei ipatanwe na nahodha kabla ya kupanda: muulize kama ada ya kuingia kisiwani imo, kama atapitia fungu la mchanga la Nakupenda, na atawasubiri muda gani. Nusu ya malipo mpeni mtakaporudi.