Namna ya Kufuatilia Asili ya Neno *nebo na Kuliambisha

Neno la Kislavi Mame (lugha mama iliyozaa lugha zote za Kislavi) *nebo, yaani mbingu, huandikwa na nyota mbele kwa sababu halipatikani katika maandishi yoyote: wanaisimu wameliunda upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye. Kwa hiyo anza na lugha zenyewe. Weka pamoja Kirusi nebo, Kipolandi niebo na umbo la Kislavi cha Kale cha Kanisa, kilichoanza kuandikwa katika karne ya 9. Usitosheke na umoja. Tafuta wingi, nao utakupa nebesa kwa Kirusi na niebiosa kwa Kipolandi. Sauti hizo za ziada hazikuletwa na wingi. Ni mabaki ya shina la kale nebes-, ambalo umoja wa leo umelipoteza.

Hatua inayofuata ni kutoka nje ya Kislavi. Kigiriki kina nephos, wingu. Kilatini kina nebula, ukungu. Kihiti kina nepis, mbingu. Hayo yote huelekeza kwenye *nébʰos ya Kihindi-Ulaya Mame, lugha mama ya lugha hizo zote, ambamo bʰ (b yenye pumzi) iligeuka kuwa b katika Kislavi, na s ya mwisho ikadondoka kama konsonanti nyingine za mwisho wa neno. Maana kuhama kutoka wingu hadi mbingu kusimshangaze msemaji wa Kiswahili, ambaye ana wingu na mawingu upande mmoja, uwingu na mbingu upande wa pili.

Sasa ambisha, yaani badilisha mwisho wa neno kulingana na kazi yake katika sentensi. Katika umoja, nebo ni umbo la kiima na la yambwa pia. La umiliki ni nebese, la kupewa nebesi, la ala nebesьmь, na la mahali ni nebese tena. Uwili, yaani umbo la vitu viwili, una nebesě, nebesu na nebesьma. Wingi, kwa mpangilio uleule wa umoja, ni nebesa, nebesъ, nebesьmъ, nebesy na nebesьxъ. Alama ь na ъ ni irabu fupi mno.

Umbo la mwisho, nebesьxъ, ndilo ninalopenda kuwapa wanafunzi, kwa kuwa lilikuwa na s mbili zilizopata hatima tofauti: ya kwanza, iliyofuata e, ilibaki s, ilhali ya pili, iliyofuata i ya kale ambayo sasa ni ь, iligeuka kuwa x, yaani sauti ya kh. Ukikariri umbo hilo, kanuni utakuwa umeishika bila jedwali.

Jihadhari na Kilithuania debesis, wingu, ambalo ni ndugu wa kweli ingawa d yake haifuati kanuni. Jihadhari zaidi na Kirusi chenyewe: e yenye mkazo ilipaswa kuwa ё (hutamkwa yo) katika neno hili, lakini lugha ya kanisa iliihifadhi kwenye mbingu. Umbo la kienyeji nёbo halikupotea. Leo maana yake ni kaakaa, kuba la kinywa.